Tusiwafunze watoto vinyume pekee, tuwafunze kulinganua

Miongoni mwa maagizo ambayo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nayo katika karatasi ya mtihani, sidhani kama kuna lililo jepesi kusoma na gumu kutekeleza kama hili: "Linganisha na ulinganue." Mwanafunzi akipewa wahusika wawili wa riwaya, huandika aya nzima kuhusu wa kwanza, akaandika nyingine kuhusu wa pili, kisha akatia kitone na kugeuza ukurasa. Amewaeleza wote wawili, lakini hajalinganisha wala hajalinganua. Mwalimu naye humpa alama chache na kuandika pambizoni kwamba jibu halijakamilika, asimweleze ni kipi kilichokosekana.

Nimesahihisha majibu ya aina hii kwa miaka mingi, na maoni yangu ni kwamba kosa si la mwanafunzi peke yake. Tangu madarasa ya chini tumemzoesha kuamini kwamba tofauti ni jina jingine la kinyume. Tumemkaririsha orodha ndefu: kinyume cha mrefu ni mfupi, cha tajiri ni maskini, cha mchana ni usiku, cha mwalimu ni mwanafunzi. Hakuna aliyemwambia kwamba kinyume ni aina moja tu ya tofauti, tena si ile anayoihitaji zaidi darasani na maishani. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha, nikianzia kwenye jicho na kuendelea hadi kwenye lugha, kwamba kulinganua ni jambo pana kuliko kutafuta vinyume, na kwamba kutolielewa kumewagharimu watoto wetu.

Tulitazame kwanza neno lenyewe. Kitenzi lingana maana yake ni kufanana au kuwa sawa. Tukikiweka katika kauli ya kutendesha tunapata linganisha, yaani kuviweka vitu pamoja ili ulinganifu wake uonekane. Tukikitia kiambishi cha kauli ya kutendua, kile kinachogeuza funga kuwa fungua, kunja kuwa kunjua na tega kuwa tegua, tunapata linganua. Sasa huwezi kufungua mlango ambao haukuwa umefungwa, wala kutegua mtego ambao hakuna aliyeutega. Vivyo hivyo, huwezi kulinganua vitu ambavyo havina kinachovilinganisha. Chaki na njaa haziwezi kulinganuliwa. Chaki na ubao vyaweza, kwa kuwa vyote viwili vina rangi na vyote viwili vimewekwa mbele ya jicho moja. Kumbe lugha yetu imeshatuwekea kanuni: tafuta kwanza pale vitu vinapokutana, ndipo utafute pale vinapoachana.

Jicho nalo hufuata kanuni hiyo hiyo. Wengi wetu hudhani kwamba jicho hupima wingi wa mwanga kama kibaba kipimavyo unga. Sivyo. Jicho hushughulika zaidi na tofauti ya mwanga baina ya mahali na mahali. Koroboi ikiwashwa usiku huangaza chumba kizima. Ikitolewa uani saa sita za mchana, mwali wake hauonekani kwa urahisi. Koroboi ni ile ile na mwanga wake haukupungua hata chembe. Kilichobadilika ni kile kilicho kando yake. Nyota nazo hazitoweki asubuhi; ziko pale pale, ila anga iliyo nyuma yake imeng'aa. Utazameni pia mwezi. Uso wake hurudisha takriban asilimia 12 tu ya mwanga wa jua unaoufikia, kiasi kinachokaribia kile cha lami iliyochakaa. Hata hivyo tunauita mweupe, na kuwasifu warembo kwa kuwafananisha nao, kwa sababu tunauona ukiwa umezungukwa na anga nyeusi tititi.

Mfano mwingine ni wa kushangaza zaidi. Kipande cha makaa kilichoachwa kwenye jua la adhuhuri hurudisha mwanga mwingi kuliko karatasi nyeupe iliyo ndani ya chumba. Lau jicho lingekuwa linapima wingi wa mwanga, tungeyaona makaa kuwa meupe na karatasi kuwa nyeusi. Hatuoni hivyo, kwa kuwa jicho huyapima makaa kwa vilivyo kando ya makaa, na karatasi kwa vilivyo kando ya karatasi.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka wa 1865 Ernst Mach alieleza jinsi mpaka baina ya eneo la mwanga na eneo la giza unavyoonekana kuwa na ufito uliong'aa upande mmoja na ufito mweusi upande wa pili, ingawa fito hizo hazimo katika mwanga wenyewe. Karne moja baadaye, mwaka wa 1967, Haldan Keffer Hartline alikuwa mmoja wa wanasayansi watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao kuhusu macho. Alichunguza jicho la mnyama wa baharini aitwaye Limulus, akabainisha kwamba sehemu moja ya jicho ikipigwa na mwanga huzituliza sehemu zilizo jirani nayo. Kwa njia hiyo tofauti hukuzwa na mipaka ya vitu hujitokeza waziwazi. Kwa ufupi, kulinganua ni kazi ambayo jicho huianza kabla habari hazijafika kwenye ubongo.

Kisa ninachokipenda zaidi katika somo hili kilitokea Ufaransa. Mwaka wa 1824 mwanakemia Michel Eugène Chevreul aliteuliwa kusimamia idara ya utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, kilichosifika kwa kufuma mazulia ya kutundikwa ukutani. Hapo alikuta malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hazikuwa nyeusi vya kutosha; zilipotumiwa kufuma vivuli vya mavazi ya rangi ya buluu na zambarau, zilionekana zimefifia. Chevreul alizilinganisha nyuzi hizo na nyuzi nyeusi zilizotiwa rangi kwingineko, akaona kwamba hazikuwa na upungufu wowote. Ubaya haukuwa katika nyuzi bali katika ujirani. Rangi ya buluu na zambarau iliyozizunguka ndiyo iliyoupunguza weusi wake machoni pa mtazamaji. Mwaka wa 1839 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu kanuni hiyo: rangi mbili zikiwekwa pamoja, kila moja huifanya nyingine ionekane tofauti na ilivyo ikiwa peke yake.

Naomba msomaji akiweke kisa hicho akilini, maana nitakirejea. Nyuzi zilishtakiwa kwa kosa la jirani zake, na lau kusingekuwa na mtu wa kuzitoa pale zilipokuwa na kuzitazama mahali pengine, zingeendelea kulaumiwa.

Kabla sijafika kwenye lugha, nina neno na walimu wakuu. Katika shule zetu nyingi ubao uliokuwa mweusi umekuwa wa kijivu kwa sababu ya kufutwa miaka nenda miaka rudi. Chaki nyeupe ikiandikwa juu ya kijivu, maandishi huwa yapo na hayapo. Mwanafunzi anayeketi nyuma hukunja uso, akanakili neno visivyo, kisha akaambiwa ni mzembe. Hata akipelekwa kupimwa macho, huenda akaambiwa hana tatizo. Kipimo kinachojulikana sana, kile alichokibuni Herman Snellen wa Uholanzi mwaka wa 1862, hutumia herufi nyeusi juu ya usuli mweupe, yaani tofauti iliyo kubwa kabisa. Kipimo hicho hutueleza mtoto anaona herufi ndogo kiasi gani. Hakituelezi anahitaji tofauti kiasi gani ili aione herufi. Ndiyo maana mwaka wa 1988 Denis Pelli, John Robson na Arnold Wilkins walitoa kipimo cha aina nyingine, ambacho herufi zake zote zina ukubwa mmoja, ila zinafifia tatu baada ya tatu hadi zinakaribia kutoweka kwenye karatasi.

Aghalabu wanaoumia zaidi ni wenye uoni hafifu, wakiwemo wanafunzi wengi wenye ualbino. Kwa mtoto kama huyo, ubao wa kijivu ulio mkabala na dirisha linalong'aa ni sawa na ukuta mtupu. Wanaotunga kurasa za kompyuta wana kanuni inayotaka maandishi ya kawaida yawe na uwiano wa angalau 4.5 kwa 1 baina ya mwanga wake na wa usuli wake, huku nyeusi juu ya nyeupe ikifikia 21 kwa 1. Hata kanga, ambayo si kitabu cha shule, huchapwa jina lake kwa rangi inayoachana na usuli ili ujumbe umfikie aliyekusudiwa. Itakuwaje basi ujumbe wa kanga usomeke na wa mwalimu usisomeke? Mkebe wa rangi nyeusi si ghali ukilinganishwa na muhula mzima wa masomo yasiyoonekana.

Sasa tuugeukie ulimi. Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Uswisi ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka wa 1916 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba kipashio cha lugha hupata thamani yake kutokana na jinsi kinavyotofautiana na vingine vilivyo katika mfumo huo huo. Wazo hili huwatisha wanafunzi wa chuo kikuu, lakini mtoto wa darasa la tatu anaweza kulielewa akipewa mifano ya nyumbani. Kura na kula ni maneno mawili yanayolingana kwa kila kitu isipokuwa sauti moja. Hali kadhalika kalamu na karamu, mahali na mahari, fahali na fahari. Kinachomzuia mpiga kura asiwe mla kura ni tofauti ndogo sana ya namna ulimi unavyokutana na ufizi. Angalieni kwamba tofauti hiyo ina nguvu kwa sababu mengine yote yamelingana. Kura na jiwe ni maneno yanayotofautiana zaidi, lakini hayatufunzi lolote kuhusu /r/ na /l/.

Hapa pia tumewakosea watoto. Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza haitenganishi /r/ na /l/ huchekwa darasani kana kwamba masikio yake yana hitilafu. Hayana hitilafu yoyote. Yamezoezwa kusikia tofauti nyingine. Kikuyu kina irabu saba ilhali Kiswahili kina tano, na kinatumia tani kupambanua maana, jambo ambalo Kiswahili hakifanyi. Mtoto wa Kikuyu husikia tofauti ambazo wengi wanaomcheka hawawezi kuzisikia. Hata ndani ya Kiswahili chenyewe mambo ni hayo hayo. Mzungumzaji wa Kimvita hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa kuitamka /p/ ya mnyama kwa mpumuo, tofauti ambayo Kiswahili sanifu hakiiandiki na walimu wengi wa bara hawaisikii. Nani basi mwenye sikio zito? Mwalimu mwenye busara hatamwambia mtoto, "Sema vizuri!" Atamwekea kura na kula bega kwa bega, tena na tena, mpaka sikio lake lilizoee pengo lililo baina yake.

Rangi nazo zina mengi ya kutufunza. Mwaka wa 1969 Brent Berlin na Paul Kay walichapisha uchunguzi kuhusu majina ya rangi katika lugha mbalimbali. Walidai kwamba lugha yenye majina mawili tu ya msingi huwa na la weusi na la weupe, na ikiwa na la tatu, hilo huwa ni la wekundu. Wapo waliowapinga, lakini hebu tuitazame lugha yetu. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Nyingine zote tumeziazima kutoka kwa vitu au kutoka kwa lugha nyingine: kijivu kutokana na jivu, kahawia kutokana na kahawa, manjano kutokana na kiungo cha mchuzi, zambarau kutokana na tunda, buluu kutokana na Kiingereza. Hata tanakali tulizozizoea ni za hizo tatu: nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu ndu. Yaonekana lugha, kama jicho, hushika kwanza tofauti ya giza na nuru, kisha ikaongeza nyingine kadiri maisha yalivyodai.

Isitoshe, maneno hayo hayana kipimo kimoja kisichobadilika. Katika familia moja ya Kiafrika utasikia kwamba fulani ni mweupe na nduguye ni mweusi. Huyo mweupe akisimama kando ya Mzungu ataitwa mweusi, na hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja ametumia neno kwa kutazama kilicho kando. Mtu asiyeuliza "mweupe kuliko nani?" hajaelewa alichoambiwa.

Hebu sasa tuirudie ile orodha ya vinyume. Mrefu na mfupi ni ncha mbili za kipimo kimoja. Kati yake pana watu tele wasio warefu wala wafupi. Hai na mfu havina katikati. Nunua na uza ni tendo moja lililotazamwa kutoka pande mbili za meza, kwani hakuna anunuaye bila mwingine kuuza. Funga na fungua ni matendo mawili, la pili likilitangua la kwanza. Mwalimu na mwanafunzi hawapingani hata kidogo, wanahitajiana. Muulizeni pia mtoto kinyume cha nyekundu. Hakipo, ilhali nyekundu ni tofauti na kila rangi nyingine. Yote haya tumeyatia katika kapu moja na kuliita vinyume, kisha tukashangaa mwanafunzi wa kidato cha nne anaposhindwa kulinganua wahusika wawili wa tamthilia. Amefunzwa kwamba mmoja akiwa mwema lazima mwingine awe mwovu. Akikuta wote wawili ni wema, kalamu humkaukia.

Mahali pazuri pa kumtoa katika mtego huo ni methali zetu. Tunasema haraka haraka haina baraka, na tunasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwanafunzi aliyezoea vinyume atajibu kwamba methali hizi zinapingana, na kwamba wahenga walijikanganya. Aliyefunzwa kulinganua atauliza kwanza: zinalingana wapi? Zote mbili zinazungumzia matumizi ya wakati, na zote mbili zinamwonya mtu aliyepoteza kadiri. Ndipo atakapouliza: zinaachana wapi? Ya kwanza inamwonya anayeikimbilia kazi kabla hajaiandaa; ya pili inamwonya anayekawia ilhali kila kitu ki tayari. Hazipingani. Kila moja ina hali yake inayoifaa, kama rangi inavyokuwa na usuli wake. Jibu la namna hiyo, hata likiwa la mistari sita, lina thamani kuliko kurasa mbili za maelezo yasiyokutana.

Nimesema nitawarejea Chevreul na nyuzi zake. Katika mfumo wetu wa elimu kuna mahali ambapo makosa haya mawili, la jicho na la ulimi, hukutana na kumwumiza mtoto: nalo ni pale tunapowapanga wanafunzi kwa nafasi. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1985 na kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, katika miaka yake ya mwisho ulijumlishwa alama 500. Chukueni mtoto aliyepata alama 300. Akiwa katika shule ambayo wengi walipita 400, aliketi nyuma siku ya matokeo, akasikia akiitwa mjinga. Mwenzake mwenye alama hizo hizo, katika shule ambayo wengi hawakufika 250, alibebwa juu kwa juu huku akiimbiwa. Alama ni zile zile. Nyuzi ni zile zile. Tofauti ni rangi iliyozizunguka, na kosa la lugha likaongezwa juu ya kosa la jicho: kwa kuwa tulikuwa na maneno mawili tu, hodari na mjinga, asiyekuwa wa kwanza tulimtupia la pili.

Mtaala wa umilisi umejaribu kutuondoa huko kwa kumweleza mtoto kuwa amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini yake. Ni hatua njema, kwa kuwa maneno manne yana nafasi kubwa kuliko mawili. Lakini tusijidanganye. Matarajio nayo ni usuli. Mtoto anayesoma chini ya mwembe na yule mwenye maktaba na maabara wakipimwa kwa matarajio yale yale, mwalimu asisahau kuuliza ni nini kilicho kando ya kila mmoja wao. Wala ripoti haitakuwa na maana kwa mzazi ambaye jambo lake la kwanza ni kuuliza, "Na wa jirani je?"

Huenda msomaji akanishutumu kwamba nasema hakuna ukweli, kwamba kila kitu ni cha kulinganishwa tu, na mtoto asiyejua kusoma aambiwe yu sawa mradi jirani zake nao hawajui. Sisemi hivyo hata kidogo. Uzi wa Chevreul ulikuwa mweusi kweli, na aliweza kulithibitisha hilo kwa kuutoa katika ujirani wake. Mtoto asiyejua kusoma hajui kusoma, hata akiwa wa kwanza darasani. Kutazama kilicho kando ndiyo njia ya kuufikia ukweli, kwa kuwa ndiko kunakotuwezesha kutenga kilicho cha kitu chenyewe na kilicho cha jirani yake.

Mwaka wa 1995 Edward Adelson wa Marekani alichora ubao kama wa drafti, ukiwa na mche mviringo unaotupa kivuli juu yake. Mraba mmoja ulio nje ya kivuli na mwingine ulio ndani yake una kijivu kimoja kwenye karatasi, lakini hakuna macho yanayokubali hivyo. Wa kwanza huonekana mweusi na wa pili mweupe. Watu huucheka mchoro huo na kusema macho yamedanganyika. Mimi nasema jicho limefanya kazi yake barabara. Limeona kivuli, likakumbuka kwamba kitu kilicho kivulini hupokea mwanga mchache, likakihukumu kwa huruma inayostahili. Laiti nasi tungewahukumu wanafunzi wetu namna hiyo! Yule aliyesoma kivulini akafikia kijivu kile kile alichofikia aliyesoma juani, huenda ndiye mweupe zaidi.

Kutokana na hayo, nina mapendekezo matatu kwa walimu wenzangu. Kwanza, kila shule ikague mbao zake kabla ya muhula kuanza. Mwalimu aandike sentensi moja, aende akaketi kwenye dawati la nyuma kabisa wakati jua linapoingia dirishani, na ajaribu kuisoma. Akishindwa, ubao upakwe rangi au dirisha lizibwe kwa pazia, na wenye uoni hafifu wapewe nafasi za mbele bila kungoja waombe.

Pili, somo la vinyume lisifutwe, bali liwe mlango wa somo pana zaidi. Kila jozi ya maneno ifuatwe na maswali mawili: yanalingana kwa lipi, na yanaachana kwa lipi? Mwalimu anaweza kulianza somo kwa karatasi za manila: akate vipande viwili vya kijivu kutoka kwenye karatasi moja, aweke kimoja juu ya manila nyeusi na kingine juu ya nyeupe, na awaulize watoto kipi kimeng'aa zaidi. Wakishabishana vya kutosha, avitoe na kuviweka pamoja. Mtoto aliyeona kwa macho yake jinsi kijivu kimoja kilivyoonekana viwili hatahitaji maelezo marefu ili aelewe kwamba kila hukumu ina usuli wake.

Tatu, na hili nawaambia wanafunzi pia: mkikutana tena na agizo la kulinganisha na kulinganua, msianze kuandika mara moja. Chora mstari katikati ya karatasi ya kazi chafu. Juu yake andika jambo moja ambalo wote wawili wanalo: wote ni wazazi, wote wamepoteza shamba, wote wanamwogopa chifu. Chini yake andika namna kila mmoja anavyolikabili jambo hilo. Mkifanya hivyo, hamtahitaji kumfanya mmoja malaika na mwingine shetani ili mpate la kusema.

Nayasisitiza haya kwa sababu mtoto hatayaacha darasani siku atakapohitimu. Tukimfunza kwamba kila tofauti ni kinyume, atakua akiamini kwamba asiye tajiri ni maskini, asiye wa kwanza ni mjinga, asiye wa kabila lake ni wa kando, na asiyekubaliana naye ni adui. Tumeshuhudia nchini humu watu waliolala majirani wakaamka mahasimu, hasa nyakati za kura, kwa kuwa walipewa maneno mawili tu ya kuuelezea umma mzima. Tukimfunza kulinganua, atauliza kwanza wanakutana wapi kabla ya kuuliza wanaachana wapi. Swali hilo linafaa darasani, na linafaa zaidi katika foleni ya kituo cha kupigia kura.